CHUMBA KIDOGO CHA MIKUTANO: KWA NINI KINASTAHILI NAFASI KATIKA OFISI ZA LEO

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Usemi huu ulikuwa wa kweli kabisa wakati kikao kilipokuwa na maana ya watu kukaa pamoja chini ya paa moja. Siku hizi mtu anaweza kuwapo na lake lisiwepo. Mratibu wa mradi aliyeko wilayani huunganishwa kwa simu au kompyuta, jina lake huandikwa katika orodha ya mahudhurio, na kikao huendelea kwa saa mbili ukumbini. Yeye husikia viti vikiburutwa, feni ikivuma, na sauti za watu zikija na kupotea. Anapojaribu kuuliza swali, wenzake wameshahamia ajenda nyingine. Mwishoni muhtasari husomeka kwamba wajumbe wote waliafiki.

Kamati nyingi zinapopanga kujenga au kukarabati ofisi hufikiria kwanza ukumbi mkubwa, kisha ofisi ya mkuu, kisha stoo. Chumba kidogo cha watu wanne au sita hakitajwi, au huonekana kuwa anasa. Makala haya yanaeleza kwa nini chumba hicho kimekuwa chombo muhimu cha kazi, kinafanyaje kazi, na kamati inaweza kukipata vipi bila gharama kubwa.

Kazi mseto ni nini?

Kazi mseto ni utaratibu ambao watumishi hufanya kazi siku kadhaa ofisini na siku nyingine nyumbani au uwandani, na vikao vyao huwa na watu walioko chumbani pamoja na walioko mbali. Utaratibu huu ulikuwapo kidogo kidogo hapo awali, lakini ulienea ghafla baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza tarehe 11 Machi 2020 kuwa ugonjwa wa UVIKO-19 ni janga la dunia. Kampuni ya Zoom ilieleza kwamba washiriki wa vikao vyake kwa siku walipanda kutoka milioni 10 mwezi Desemba 2019 hadi zaidi ya milioni 300 mwezi Aprili 2020.

Janga lilipopungua, wengi walirudi ofisini, lakini si kwa siku zote. Nchini China kampuni ya usafiri ya Trip.com ilifanya jaribio kwa watumishi 1,612 katika miaka ya 2021 na 2022. Kundi moja lilibaki ofisini siku tano, na jingine liliruhusiwa kufanya kazi nyumbani siku mbili kwa wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: ubora wa kazi na upandishwaji vyeo havikutofautiana, na walioacha kazi katika kundi la mseto walipungua kwa theluthi moja. Kwa hiyo utaratibu huu hautaondoka karibuni.

Kwetu Afrika Mashariki sababu ni pana zaidi. Mtumishi wa mradi wa maji au wa afya hutakiwa kuwa karibu na wananchi, na ofisi kuu huwa mjini. Zamani alilazimika kupanda basi siku nzima ili ahudhurie kikao cha saa mbili, alale mjini, arudi kesho yake. Nauli, posho ya kulala na siku mbili za kazi zilikwenda. Kikao kwa njia ya mtandao huokoa vyote hivyo, ili mradi huyo mtumishi asikike kweli.

Tulifikaje kwenye ofisi zisizo na kuta?

Wazo la kuweka watumishi wote katika eneo moja wazi si la jana. Mwaka 1939 jengo la kampuni ya Johnson Wax mjini Racine, Marekani, lililosanifiwa na Frank Lloyd Wright, lilifunguliwa likiwa na ukumbi mkubwa wa makarani wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndugu wawili Wajerumani wa familia ya Schnelle walieneza mtindo wa ofisi iliyo wazi, yenye meza zilizopangwa kwa makundi na mimea katikati. Hoja ilikuwa kwamba kuta zikiondoka, watu watazungumza zaidi. Tena gharama za ujenzi hupungua.

Hoja hiyo ilipimwa. Mwaka 2018 watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo kutoka makao makuu ya kampuni mbili yaliyobadilishwa kuwa wazi. Washiriki walivaa vifaa vya kurekodi ni nani anaongea na nani. Mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, na barua pepe pamoja na ujumbe wa kompyuta viliongezeka. Mtu akijua kwamba kila neno lake linasikika, hunyamaza na kuandika. Hivyo basi, ofisi ikiwa wazi inahitaji zaidi mahali pa kujitenga kuliko ofisi yenye vyumba.

Umbali na mwangwi

Sababu ya kwanza inayofanya ukumbi mkubwa usifae kwa kikao mseto ni maumbile ya sauti yenyewe. Sauti hudhoofika kadiri inavyosafiri, na kila umbali unapoongezeka mara mbili, hupungua kwa desibeli 6 hivi. Mtu aliye nusu mita kutoka kipaza sauti na mwingine aliye mita 4 wametofautiana mara nane kwa umbali. Nguvu ya sauti moja kwa moja ya yule wa mbali inakuwa moja ya sitini na nne ya mwenzake. Walioko ukumbini hawaoni shida, maana masikio mawili ya binadamu yana uwezo wa kuchuja kelele na kumfuata msemaji. Kipaza sauti cha kompyuta ya mezani hakina hekima hiyo. Huchukua kila kitu kwa pamoja.

Sababu ya pili ni mwangwi. Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, aliombwa atafute dawa ya chumba cha mihadhara ambacho maneno yalichanganyika hata wasikilizaji wasielewe. Usiku, jiji likiwa kimya, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga chumbani, akapiga filimbi ya kinanda na kupima kwa saa ni muda gani sauti ilidumu. Bila mito, sauti ilidumu zaidi ya sekunde 5. Kila alipoongeza mito, muda ulipungua. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana kanuni inayotumika hadi leo: mwangwi huongezeka kadiri chumba kinavyokuwa kikubwa, na hupungua kadiri kinavyokuwa na vitu laini vya kumeza sauti.

Kumbi zetu nyingi zina sakafu ya saruji au vigae, kuta za plasta, madirisha ya vioo na paa la bati. Karibu hakuna kitu cha kumeza sauti. Mvua ikinyesha, kikao husimama. Chumba kidogo chenye dari, pazia nzito, mkeka au zulia na kabati la vitabu hupunguza tatizo hilo kwa fedha kidogo, na kila anayeongea huwa karibu na kipaza sauti.

Zamu ya kusema

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitambui. Mwaka 2009 kundi la watafiti lilichapisha ulinganisho wa mazungumzo katika lugha kumi za mabara mbalimbali. Waliona kwamba mtu mmoja anaponyamaza na mwingine anapoanza kujibu, pengo lililo la kawaida ni takriban sehemu ya tano ya sekunde. Ndiyo kusema, binadamu hukamata zamu kwa haraka mno, na hujiandaa kujibu kabla mwenzake hajamaliza.

Sasa tazama mtandao. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano unapendekeza ucheleweshaji wa sauti kwenda upande mmoja usizidi sekunde 0.15 ili mazungumzo yawe ya raha. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za kwanza za baharini za SEACOM na TEAMS zilipokuwa hazijaanza kazi, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya kimataifa ilipitia setilaiti zilizoko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Safari ya kupanda na kushuka peke yake huchukua karibu robo ya sekunde. Nyaya zilileta nafuu kubwa, lakini mtandao hafifu wa kijijini bado huongeza ucheleweshaji.

Matokeo yake ni haya. Ukumbini kuna watu kumi na wawili wanaopokezana zamu kwa sehemu ya tano ya sekunde. Yule wa wilayani husikia ukimya ukiwa umechelewa, na sauti yake nayo huchelewa kufika. Kila anapofungua kinywa, zamu imeshachukuliwa. Akirudia mara mbili tatu na kugongana na wenzake, huona haya, hunyamaza. Wengine humdhania hana la kusema. Katika chumba kidogo chenye watu watatu au wanne, mapengo ya mazungumzo ni mengi zaidi, mwenyekiti anaona uso wa kila mtu pamoja na ule wa kwenye skrini, na ni rahisi kusema, "Dada, tulikuwa tunakungoja wewe."

Wachache husemezana

Tuhesabu kidogo. Watu wanne wana jozi 6 za watu wanaoweza kuzungumza wao kwa wao. Watu kumi na wawili wana jozi 66. Kikao cha saa moja kikigawanywa sawa, kila mmoja wa wanne hupata dakika 15, na kila mmoja wa kumi na wawili hupata dakika 5. Nasi tunajua kwamba hakigawanywi sawa.

Hatusemi kwamba vikao vikubwa havina kazi. Penye wengi hapaharibiki neno, na mkutano mkuu wa mwaka, uchaguzi wa viongozi au usomaji wa hesabu mbele ya wanachama lazima ufanyike hadharani, penye macho ya wengi. Lakini kazi ya kuchambua bajeti mstari kwa mstari, kupanga ratiba ya mwezi au kusahihisha ripoti ya mfadhili ni ya watu wachache. Ikifanyika ukumbini, ama huwachosha wasiohusika ama hufanywa juujuu.

Aidha, uchovu wa vikao vya mtandao ni wa kweli. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitaja sababu nne: nyuso kubwa zinazokukazia macho kwa karibu, kujitazama mwenyewe muda wote, kukaa bila kujongea, na akili kufanya kazi ya ziada kutafuta ishara ambazo ana kwa ana zingeonekana zenyewe. Watu watatu wanapokaa pamoja mbele ya skrini moja iliyo mita mbili kutoka kwao, mzigo huo hupungua.

Mambo yasiyopaswa kusikika

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Mama anayekuja kueleza kwamba mumewe anampiga, mtumishi anayetaka kuripoti upotevu wa fedha, kijana anayeomba ada ya shule kwa sababu wazazi wamefariki, mgonjwa anayeeleza hali yake kwa mshauri aliye mji mwingine kwa njia ya video: hawa wote wanahitaji mlango unaofungwa. Katika ofisi yenye chumba kimoja huelezwa mambo yao mbele ya karani, dereva na mgeni anayesubiri. Au hawaelezi kabisa, wakarudi nyumbani na shida yao.

Sheria nazo zimekaza. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taasisi inayokusanya taarifa za watu ina wajibu wa kuzilinda, na taarifa inayotajwa kwa sauti kubwa kwenye simu katikati ya ofisi haijalindwa.

Hata hivyo, faragha isigeuke maficho. Mlango wa chumba kidogo uwe na kipande cha kioo, ili aliye nje aone ndani bila kusikia. Hilo humlinda mtoto au mtu dhaifu anayehojiwa, na humlinda mtumishi pia dhidi ya shutuma.

Hewa

Chumba kidogo kina hatari yake moja: hewa. Mtu mzima aliyeketi hutoa takriban lita 18 za kabonidayoksaidi kwa saa. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina lita 32,400 za hewa. Watu wanne wakifunga mlango na madirisha yote, baada ya robo saa hivi kiwango hicho hupita sehemu 1,000 kwa milioni, na baada ya saa moja hupita 2,500. Hewa ya nje ina sehemu 420 na kidogo. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, uliofanywa kwa watu 22, ulionyesha kwamba uwezo wa kufanya maamuzi ulipungua kwa kiwango cha 1,000 na kushuka sana kwa 2,500. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, lakini kila mtu anajua usingizi wa chumba kilichofungwa. Tena hewa iliyotuama husambaza mafua na kifua kikuu.

Dawa ni rahisi: madirisha mawili yanayopingana, au dirisha na tundu la hewa juu ya ukuta wa pili. Tundu liangalie nje, wala si kwenye korido, ili sauti isitoke.

Chumba chenyewe kiweje

Kwa kamati inayotaka kuanza, haya yanatosha:

1. Ukubwa wa mita 3 kwa 4 kwa watu wanne hadi sita. Chumba cha stoo kilichojaa makaratasi ya zamani mara nyingi kina ukubwa huo.

2. Meza moja iliyosogezwa hadi kwenye ukuta wenye skrini, watu wakae pande tatu, ili kamera iwaone wote na asiwepo anayeipa mgongo.

3. Dirisha liwe mbele au ubavuni mwa wakaaji. Likiwa nyuma yao, aliye mbali huona vivuli vyeusi tu.

4. Kompyuta moja, skrini ya wastani na kipaza sauti kimoja cha mezani. Kila mtu akifungua kompyuta yake chumbani humo, sauti hulia kwa kuzungukana na bando hutumika mara nne.

5. Pazia nzito, mkeka au zulia, na ubao wa kuandikia. Vitu laini huanza na fundi wa kushona, si duka la vifaa vya umeme.

6. Umeme wa akiba. Kompyuta, skrini ndogo na kifaa cha mtandao kwa pamoja hutumia kama wati 120. Betri moja ya volti 12 na saa-ampea 100, ikitumika nusu ili idumu, huhimili kwa takriban saa nne. Ukumbi wenye spika na taa nyingi hauwezi kuhimiliwa hivyo.

7. Namba za simu za washiriki zibandikwe ukutani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na mtandao ulizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Simu ya kawaida iliyowekwa mezani na kufunguliwa spika ilitosha kumaliza kikao cha watu wanne.

Taratibu ni muhimu kuliko vifaa. Kuwe na daftari la kuandikisha saa za matumizi. Mwenyekiti aanze kwa kumwuliza aliye mbali kabla ya walioko chumbani. Mambo ya siri ya watu yatangulizwe mbele ya vikao vya kawaida, na mkubwa wa ofisi asikigeuze chumba kuwa ofisi yake ya pili.

Kwa kamati na wafadhili

Kabla ya kuamua lolote, tunashauri kamati ifanye hesabu kwa wiki nne. Kila kikao kiandikwe: watu wangapi walikuwapo, wangapi waliunganishwa kutoka mbali, kilifanyika wapi, na je, kulikuwa na mtu aliyekosa mahali pa kuzungumza akaondoka? Mwishoni mwa mwezi karatasi hiyo itasema yenyewe. Ikiwa vikao vingi ni vya watu wachache, hakuna haja ya kupanua ukumbi; chumba kimoja au viwili vinatosha. Ikiwa hesabu inaonyesha vinginevyo, kamati iufuate ukweli huo.

Kwa wafadhili wetu tungependa kusema jambo moja kwa heshima. Ukumbi una jiwe la msingi, utepe na picha ya uzinduzi. Chumba kidogo hakina hayo. Hakuna atakayepigwa picha akikata utepe mbele ya mlango wa stoo ya zamani iliyopakwa rangi. Lakini ombi la pazia, betri na kipaza sauti likija mezani, lisionekane dogo mno kuungwa mkono. Kwa fedha hizo muuguzi wa zahanati ya mbali ataweza kueleza upungufu wa dawa na kueleweka siku hiyo hiyo, na mama mwenye shida atapata mahali pa kuketi na kusema.

Chumba hakiongozi kikao. Mwenyekiti asiyependa kusikiliza hatabadilishwa na mkeka wala kioo cha mlangoni. Kinachofanywa na chumba kidogo ni kuondoa visingizio: sauti inafika, uso unaonekana, mlango unafungwa. Baada ya hapo, kama la mratibu wa wilayani bado halipo katika muhtasari, kamati itajua kwamba kosa si la mtandao.